Pwani Ipi? Matembezi ya Siku Moja Karibu na Dar es Salaam



Kila ikaribiapo likizo hutufikia barua za kuuliza neno moja: Watu wa nyumba yetu, au watoto wa darasa letu, wataka kwenda pwani asubuhi na kurudi jioni, je, twende pwani ipi? Mtu asiyekaa Dar es Salaam aweza kudhani ya kuwa swali hili ni jepesi, maana mji wenyewe umekaa ufuoni, na bahari i mlangoni. Walakini mji huu si kile kijiji cha Mzizima alichokikuta Sultani Majid wa Unguja, alipoanza kujenga hapa katika miaka ya 1860. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa watu 5,383,728 katika mkoa huu, na siku ya sikukuu waonekana kana kwamba wote wametoka pamoja kwenda kuoga. Tena pwani zenyewe hazifanani. Iko iliyo karibu, lakini ina miamba. Iko iliyo nzuri, lakini ina lango na mlinzi na ada. Iko iliyo safi leo, na kesho baada ya mvua haifai kuogwa.

Basi sisi, watu wa nyumba tatu pamoja na walimu wawili, tulikuwa na watoto 23 wa kuwapeleka, na bibi mmoja mzee wa kutoka Kondoa ambaye katika maisha yake yote alikuwa hajaiona bahari. Tukaazimu tusiende kwa kubahatisha. Tulitumia Jumamosi kadha kuzitazama pwani, sisi wakubwa peke yetu, kabla ya kuwachukua watoto.

Tulianza na Coco Beach, kwa kuwa ndiyo ijulikanayo na kila mtu. Iko Oyster Bay, katika rasi ya Msasani, mtaa waliokaa Wazungu zamani za Waingereza. Tangu lilipofunguliwa Daraja la Tanzanite mwaka 2022, lipitalo juu ya maji kwa urefu wa kilometa moja na zaidi kidogo, mtu atokaye mjini hufika upesi. Ni pwani ya watu wote, maskini na tajiri, na mihogo ya kukaanga ya pale ina sifa. Nasi twashuhudia kwamba sifa hiyo si ya bure. Mwalimu mmoja katika sisi alikula sahani mbili, pamoja na pilipili na kachumbari, akatuambia kwamba yumo katika uchunguzi.

Ila kwa watoto wasiojua kuogelea tuliona mashaka. Maji yakipwa, miamba ya matumbawe hutokea, nayo ina makali ya kukata nyayo, na katika vidimbwi wamo wale wanyama wenye miiba mirefu myeusi. Maji yakijaa, mawimbi huvunjika ufuoni, na maji yaliyoletwa na mawimbi hutafuta njia ya kurudi baharini. Hayarudi sawasawa kila mahali. Hukusanyika penye kina, au penye mwanya baina ya miamba, yakatoka kwa nguvu kama mto. Na hapa ndipo penye hatari yenyewe: mahali hapo mawimbi hayavunjiki sana, maji yaonekana yametulia, hata mgeni hupachagua papo hapo apaonapo pema. Mtu akichukuliwa na mkondo huo, asishindane nao kwa kuelekea nchi kavu moja kwa moja, kwani atachoka bure. Na aogelee kwa kuambaa na ufuo mpaka atoke katika mkondo, ndipo ageuke kurudi. Haya ni maneno mepesi kuandikwa. Mtoto wa miaka 9 mwenye maji kinywani hawezi kuyakumbuka.

Yatupasa kueleza kwa nini jambo hili lilitushika sana. Katika mtaa wetu yuko mama mmoja ambaye mwanawe wa miaka 12 alikwenda pwani siku ya sikukuu pamoja na vijana wenzake, asirudi. Pwani yenyewe hatutaitaja. Jioni moja tulipokuwa tumekaa kufanya shauri la safari yetu, alibisha hodi, akakaribishwa, akaketi karibu na mlango. Sote tukanyamaza, maana tulidhani amekuja kutukataza. Akasema, "Ndugu zangu, sikuja kuwazuia. Watoto na waende. Nimekuja kuuliza: Ni nani atakayekuwa majini, na ni nani atakayekuwa ufuoni? Siku ile walikuwako wakubwa wengi, na kila mmoja alidhani mwenzake anatazama." Hakusema zaidi, alikunywa chai, akaaga. Tangu usiku ule hatukuuliza tena ni pwani ipi iliyo nzuri. Tuliuliza ni pwani ipi ambayo mtu mmoja aweza kuwaona watoto wote kwa jicho moja.

Ufuo wa mjini, ule upitao mbele ya hospitali ya zamani za Wadachi ya Ocean Road, tuliuacha bila mjadala mrefu. Ni mahali pema pa kupunga upepo jioni. Walakini si mbali na pale hutoka mto Msimbazi, uliopita katikati ya mitaa mingi ya mji, na baada ya mvua huja na kila kilichotupwa humo. Kuketi, ndiyo; kuoga, siyo.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kaskazini, njia ya Bagamoyo, mpaka Kunduchi. Hapa tulikaa siku nzima, kwani pana mambo mengi. Kwanza ni kijiji cha wavuvi cha tangu zamani. Yapo magofu ya msikiti wa kale, na makaburi yenye nguzo ambamo mafundi walipachika bakuli za Kichina, nayo mibuyu imesimama kati ya makaburi. Mwalimu apendaye kufundisha habari za biashara ya kale ya Bahari ya Hindi hana haja ya kuchora picha ubaoni. Na awalete watoto waone kwa macho yao pale zilipopachikwa bakuli hizo.

Mbele ya Kunduchi kiko kisiwa cha Mbudya, na kusini yake Bongoyo, ambacho watu wengi hukiendea kwa mashua kutoka Msasani. Visiwa hivi viwili, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vilifanywa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Maji yake ni maangavu, mchanga ni mweupe, samaki huokwa papo hapo chini ya vibanda vya makuti. Sisi twavisifu sana kwa watu wazima wachache. Lakini nauli ya mashua ni ya kila kichwa, na ada ya hifadhi ni ya kila kichwa, na vichwa vyetu vilikuwa 33. Tena kuwavusha watoto 23 baharini, wengine wao wakiogopa hata pipa la maji, ni kazi ya watu wenye mashua yao na mavazi ya kuelea ya kumtosha kila mtoto. Mwenye mashua akikuambia kwamba mavazi hayo hayahitajiki kwa kuwa bahari imelala, tafuta mwenye mashua mwingine.

Ufuo wa Kunduchi wenyewe una habari ya kuhuzunisha. Kwa miaka mingi bahari imeula. Sababu si bahari peke yake. Mchanga wa pwani huletwa na mito na vijito kutoka bara. Na watu wa mji unaojengwa usiku na mchana wamekuwa wakiuchimba mchanga katika mito ile, kama Tegeta na Mbezi, wafanyie matofali. Bahari iliendelea kuchukua fungu lake, lakini haikuletewa lingine. Wenye majumba wakajenga kuta ili kujilinda. Na wimbi lipigalo ukuta hurudi kwa nguvu, likachukua na mchanga uliobaki mbele yake, na mara nyingi likaenda kumla jirani asiye na ukuta. Ndiyo maana mahali pengine maji yakijaa hakuna ufuo kabisa, ila ukuta na maji. Mwenye kwenda na watoto na aangalie jambo hili: ufuo alioupiga picha rafiki yake saa nne asubuhi waweza usiwepo saa kumi.

Neno jingine la Kunduchi, na la pwani nyingi za kaskazini, ni malango. Hoteli zimeshika sehemu kubwa, na mtu hupita kwa kulipa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya meta 60 za ufuo, zile ziwezazo kuudhuru. Lakini sheria iliyo kitabuni haimfungulii mtu lango. Hatuwalaumu wote wenye hoteli. Wako wasafishao ufuo wao, na wenye walinzi wa waogaji, jambo ambalo pwani za bure hazina daima. Mzazi mwenye watoto wawili, akilipa hapo, amenunua pia macho ya mlinzi, wala hakupoteza fedha yake. Mzazi mwenye watoto saba hesabu yake ni nyingine.

Kunduchi tulipata faida moja iliyopita zote. Mzee mmoja mvuvi alikuwa akishona nyavu kivulini, tukamwamkia, "Shikamoo, babu," akaitikia, "Marahaba, wanangu. Mwatafuta nini?" Tulipomweleza alicheka, akasema, "Ninyi mwauliza mahali. Ulizeni kwanza mwezi."

Akatufundisha hivi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika mchana na usiku, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndipo liwapo bamvu: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake hapa Dar es Salaam hufikia kadiri ya meta 3 na zaidi. Siku hizo maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, yakajaa kama saa kumi jioni. Basi watu wafikao asubuhi hukuta mwamba na matope, hukaa wakingoja. Watoto hutembea mbali kuokota makoa. Kisha maji hurudi kwa haraka, nao wako huko. Lakini mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu: hayaendi mbali, wala hayapandi sana, na kujaa kwake huwa saa zile za asubuhi. "Mtu mwenye watoto," akasema mzee, "na aje maji mafu, aje mapema, aondoke kabla upepo wa alasiri haujachachamaa." Twaona ya kuwa maneno haya yastahili kubandikwa katika kila chumba cha walimu.

Kaskazini zaidi, kiasi cha kilometa 70 kutoka mjini, uko Bagamoyo wenyewe. Hapa sisi kwa sisi tulibishana. Walimu wawili waliutaka Bagamoyo kwa moyo wote, nasi twaungama ya kwamba kwa mafunzo hakuna pwani ishindayo hiyo. Ndiko zilikokoma misafara ya kutoka Tabora na Ujiji; ndiko Wadachi walikoweka makao makuu yao mpaka walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891; ndiko walikofika Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, wakaanzisha makao ya watoto waliokombolewa katika utumwa. Mwezi wa Februari mwaka 1874 Susi na Chuma pamoja na wenzao waliufikisha huko mwili wa Livingstone, baada ya kuuchukua mabegani miezi mingi kutoka nchi ambayo sasa ni Zambia. Na mwendo mfupi kutoka mjini yako magofu ya Kaole, yenye misikiti ya kale na makaburi ya mawe. Mwalimu mmoja alisema, "Mtoto akioga bila kujua alipo, ameoga tu." Mama wa nyumba ya pili akamjibu, "Mwalimu, mtoto wa miaka mitano na aoge tu." Tukakubaliana kwamba Bagamoyo ni wa wanafunzi wakubwa, kwa siku yao peke yao. Tena bahari ya kule hupwa mbali mno, na mwendo wa kwenda na kurudi ni mrefu kwa wadogo na kwa bibi.

Ikabaki Kigamboni. Zipo njia mbili: kwa kivuko kutoka Magogoni, karibu na soko la samaki, au kwa Daraja la Nyerere la Kurasini, lenye urefu wa meta 680, lililofunguliwa mwaka 2016. Daraja ni la wenye haraka. Sisi twakipenda kivuko, maana kwa nauli ndogo watoto huona bandari, na meli kubwa zikipita katika mlango mwembamba wa bahari, nao hushuka upande wa pili wakijiona wamesafiri.

Ukiisha kuvuka, ufuo wafuata njia kwa masafa marefu: Mjimwema, kisha Gezaulole, jina la Kizaramo ambalo maana yake ni "jaribu uone", na mbele zaidi Kimbiji, ambako kasa hupanda mchangani usiku kutaga mayai. Hatukufika Kimbiji na watoto. Ni mbali, na kasa wamestahili amani yao. Upande wa Mjimwema tulipata mahali penye mchanga mpana, pasipo mwamba karibu, ambapo maji huongezeka kina kidogo kidogo. Iko mivinje ya kutoa kivuli, na kijana mwenye kibanda alitukubalia kukaa hapo kwa fedha kidogo na ahadi ya kununua madafu kwake. Mtu akisimama juu ya kichuguu cha mchanga aweza kuona kulia na kushoto bila kitu cha kumzuia. Tulitazamana, na shauri likaisha.

Tulikwenda Jumamosi ya mwezi nusu, tukafika saa tatu. Wakubwa tulikuwa tisa. Watano walipewa watoto, kila mmoja wanne au watano, na kila fungu lilifungwa mkononi kitambaa cha rangi yake. Wawili walisimama ufuoni wasioge wala wasizungumze na mtu, wenye kamba ndefu na dumu tupu lililofungwa kifuniko, kwani dumu la namna hiyo huelea, na ni heri kumtupia azamaye kitu cha kushika kuliko kumrukia wakazama wawili. Mmoja alipika. Mmoja alikaa na bibi. Tulichomeka miti miwili mchangani, nje ya miti hiyo hapana kuoga, wala hapana kupita maji ya kiuno. Chakula tulichukua katika vikapu, na katika kikapu kimoja tulirudisha takataka zetu. Mifuko ya plastiki ilikatazwa nchini tangu Juni 1, 2019, lakini chupa zake bado zajaa ufuoni.

Yule mama jirani alikuja. Hatukumwalika, kwa kuogopa kumtonesha. Alitukuta kivukoni asubuhi, ana daftari la shule na filimbi, naye ndiye aliyekuwa wa 34. Kila nusu saa alipiga filimbi, watoto wote wakatoka majini, akawaita kwa majina.

Karibu na saa sita waliitika 22.

Hakuna aliyepiga kelele. Watoto waliketishwa mchangani. Wawili wa ufuoni waliingia majini wakiwa na kamba. Wengine walitawanyika kila upande. Mama alibaki amesimama, kidole chake kikiwa juu ya jina moja. Muda ule haukupita dakika nne, kwa saa ya mwalimu. Mtoto alionekana chini ya ngalawa iliyopandishwa mchangani, amelala usingizi mzito, na kipande cha mhogo mkononi. Alipoletwa, mama alimtazama, akamwambia, "Nenda ukakae na wenzako, mwanangu," akaandika alama penye jina lake. Mkono ulimtetemeka, hata alama ikakaa vibaya. Baada ya nusu saa alipiga filimbi tena kama kwanza.

Bibi naye alikuwa amekaa kitini chini ya mvinje, asiseme neno karibu asubuhi nzima. Mwishowe akauliza, "Maji haya hulala lini?" Tulipomwambia kwamba hayalali, alisikitika kidogo kwa ajili yake. Kisha tulimshika mikono, akaenda mpaka wimbi likamfikia miguuni. Akachovya kidole, akaonja, akatema. Akasema, "Chumvi yote hii, nasi kule kwetu twainunua!" Akataka chupa. Aliijaza mwenyewe, akaifunga, akasema ataipeleka Kondoa ili wanaomwita mwongo waonje.

Tulianza kukusanya vitu saa nane na nusu, upepo ulipoanza kuinua mchanga, na saa kumi tulikuwa tumevuka. Kivukoni mama alihesabu mara mbili, kabla ya kupanda na baada ya kushuka.

Wasomaji wetu wa Tanga, Lindi na Mtwara, ambao pwani zao hatukuziona, watuandikie: ni ufuo upi wawapelekao watoto, maji yake huwaje bamvu na maji mafu, na nauli yake ni kiasi gani kutoka mjini. Barua zitakazofika kabla ya likizo ijayo tutazitia katika gazeti hili.